Asilimia 70 ya Mpira na Bado Umefungwa: Namna ya Kusoma Michoro ya Takwimu za Soka

Mashindano makubwa ya soka yakianza, magrupu ya WhatsApp ya Kisumu hujaa picha zenye namba. Nguzo mbili za rangi zinazolinganisha nani alimiliki mpira. Uwanja uliotiwa mabaka mekundu kuonyesha fowadi alikokuwa akizurura. Ramani ya Kenya ambayo kila kaunti imepakwa rangi ya timu inayodaiwa kupendwa huko. Mtu wa Kondele huirusha picha kama hiyo kwenye grupu saa sita usiku, ushahidi usio na rufaa. Mwenzake wa Nyalenda hujibu kwa picha nyingine yenye namba tofauti kuhusu mechi ileile, na kunakucha hakuna aliyelala wala aliyekubali.

Mara nyingi wote wawili wana namba sahihi. Wasichoambiwa na picha ni mambo mawili: ni nini hasa kilichohesabiwa, na hesabu hiyo imegawanywa kwa nini. Ukiyajua hayo, nusu ya ubishi huisha. Nusu nyingine haina dawa, kwa sababu shabiki ni shabiki.

Kwanza maneno yenyewe. Data ni kumbukumbu ghafi: dakika ya 48, mchezaji fulani, shuti la mguu wa kushoto, bao. Takwimu ni unachopata ukizikusanya kumbukumbu hizo na kuzipigia hesabu: mashuti matatu, mabao mawili. Mchoro ni takwimu iliyogeuzwa kuwa umbo, rangi au urefu, ili jicho liipokee kabla akili haijaanza kusoma. Katika kila hatua kuna mtu aliyeamua jambo. Krosi iliyopinda ikaelekea langoni, je, ni shuti au ni krosi mbovu? Mpira uliopigwa mbele na difenda ukamfikia mwenzake, ni pasi au ni kuokoa jahazi?

Sehemu kubwa ya maamuzi hayo hufanywa na watu wanaotazama video na kubonyeza vitufe. Mashine zinazidi kuingia, kweli. Kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, kamera 12 zilizofungwa chini ya paa la kila uwanja zilifuatilia sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na kifaa kilichokaa ndani ya mpira kilituma taarifa mara 500 kwa sekunde. Wakati Cristiano Ronaldo alipodai kichwa chake kiligusa krosi ya Bruno Fernandes dhidi ya Uruguay, Adidas, waliotengeneza mpira ule, walisema kifaa hakikuonyesha mguso wowote. Bao likabaki la Fernandes. Lakini kifaa hakijui nia. Bado anahitajika mtu wa kusema hili ni shuti na hili si shuti, na ndiyo maana kampuni moja itakuandikia mashuti 14 na nyingine 15 kwa mechi hiyohiyo.

Umiliki: namba inayowaumiza watu zaidi

Umiliki wa mpira, kwa maana ya kawaida, ni sehemu ya mchezo ambayo timu moja ilikuwa na mpira. Wengi hudhani kuna mtu ameshika saa. Mara nyingi hakuna. Njia iliyozoeleka ni kuhesabu pasi za kila timu na kuzigawanya kwa pasi zote za mechi. Timu inayorudishiana mpira kati ya mabeki wake inapanda asilimia, na timu inayopiga mpira mmoja mrefu hadi kwa fowadi inashuka, hata kama ni huo mpira mmoja uliozaa bao.

Desemba 1, 2022, Japani iliifunga Uhispania 2-1 ikiwa na umiliki wa asilimia 17.7 kwa hesabu ya Opta, kampuni ya takwimu za michezo. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha chini zaidi kwa timu iliyoshinda mechi ya Kombe la Dunia tangu kumbukumbu zao zinapoanzia, mwaka 1966. Siku tano baadaye Uhispania ileile ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Morocco, ikatoka 0-0, kisha ikang'olewa kwa mikwaju ya penalti 3-0 bila kutia hata mmoja. (Bao la pili la Japani lenyewe lilikuwa somo la michoro: picha ya pembeni ilionyesha mpira umekwisha kutoka, picha ya juu ikaonyesha ukingo wake ungali juu ya mstari. Mpira mmoja, pembe mbili, vita vya wiki nzima.)

Kumiliki mpira ni kama kushika maikrofoni kwenye matanga. Mfawidhi anaishika tangu asubuhi hadi jua linapozama, lakini maneno watu watakayoondoka nayo huenda ni ya shangazi aliyepewa dakika mbili.

Kuna jambo jingine ambalo nguzo ya umiliki haiwezi kukuonyesha: matokeo yenyewe hubadilisha umiliki. Timu ikishatangulia huwaachia wenzake mpira na kujipanga nyuma. Agosti 10, 2025, katika CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilicheza na Morocco kwenye uwanja wa Kasarani. Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko, na kabla ya mapumziko hayohayo Kenya ikabaki na wachezaji kumi kwa kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili ulikuwa ukitazama nini? Kumi wakilinda lango, na Morocco wakizunguka na mpira. Mtu akikuletea mchoro wa umiliki wa mechi ile na kukuambia "tulizidiwa", mwambie mchoro umesema kweli na yeye ameusoma kombo. Tulishinda 1-0 dhidi ya timu iliyokuja kutwaa kombe hilo, na kuachia mpira ndiko kulikokuwa kazi ya siku ile.

FIFA wenyewe waliona kasoro ya kugawa kila kitu mara mbili. Mwaka 2022 walianza kuonyesha umiliki katika sehemu tatu: timu hii, timu ile, na muda ambao mpira unagombaniwa bila kuwa wa yeyote. Kwa mfano, badala ya 53 kwa 47 unaweza kuona 45, 40 na 15. Hapo ndipo wale wawili wa Kondele na Nyalenda mara nyingi hukwama: mmoja ana picha ya sehemu mbili, mwenzake ya sehemu tatu, na kila mmoja anamwona mwenziwe mwongo.

Zile herufi xG

Siku hizi chini ya matokeo kuna xG (kifupi cha Kiingereza, expected goals), tuseme 2.1 kwa 0.6. Watu hucheka: sehemu moja ya kumi ya bao inapatikanaje? Kwa Kiswahili tunaweza kuziita mabao tarajiwa, na wazo lenyewe ni jepesi kuliko jina. Wataalamu wamekusanya maelfu kwa maelfu ya mashuti ya zamani na kujiuliza: mashuti yaliyopigwa kutoka umbali huu, kwa pembe hii, kwa mguu au kwa kichwa, mangapi yaliingia? Kama kati ya mia yaliingia kumi, basi shuti la aina hiyo lina thamani ya 0.1. Penalti huwa na thamani ya kati ya 0.76 na 0.79, kutegemea kampuni. Ukijumlisha thamani za mashuti yote ya timu, unapata xG yake.

Kosa linalofanywa kila wiki ni kusema "xG yetu ilikuwa 2.1, kwa hiyo tulistahili mabao mawili". Hapana. Chukua timu iliyopiga mashuti 15 kutoka mbali, kila moja 0.1. Jumla ni 1.5. Chukua nyingine iliyopata penalti mbili tu. Jumla yake nayo ni karibu 1.5. Mchoro wa nguzo utazionyesha sawasawa. Lakini uwezekano wa timu ya kwanza kutoka kapa ni karibu asilimia 21, yaani mara moja kati ya tano, ilhali wa ile ya penalti ni chini ya asilimia 6. Namba moja, mechi mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana mimi huiamini zaidi ramani ya mashuti, ile inayochora uwanja na kuweka nukta kila mahali shuti lilipopigwa, nukta kubwa kwa nafasi nzuri na ndogo kwa nafasi ya kubahatisha. Hapo unaona mara moja kama timu ilikuwa ikivunja ukuta au ilikuwa ikirusha mawe kutoka mbali.

Kisha kuna yasiyohesabiwa kabisa. Novemba 22, 2022, Saudi Arabia iliishangaza Argentina 2-1. Saudi walipiga mashuti matatu mechi nzima, mawili yakawa mabao. Argentina walipiga zaidi ya kumi, na katika kipindi cha kwanza pekee mipira yao mitatu iliyotikisa wavu ilikataliwa kwa kuotea. Shambulio la kuotea kwa kawaida haliandikwi kama shuti, kwa hiyo halina nukta kwenye ramani wala thamani kwenye xG. Anayesoma mchoro ule leo bila kuitazama mechi hawezi kujua kwamba Argentina walishangilia mara nne. Wala hawezi kuona jinsi Saudi walivyopandisha safu yao ya ulinzi juu kwa makusudi, ambayo kwangu ndiyo habari kuu ya siku ile.

Mikwaju ya penalti baada ya muda wa ziada nayo haimo. Kwa kumbukumbu rasmi, fainali ya 2022 kati ya Argentina na Ufaransa ni sare ya 3-3. Ile 4-2 ni njia ya kumpata bingwa, haiongezi bao kwa yeyote. Kylian Mbappé alimaliza na mabao manane, na mkwaju aliotia kwenye zamu ya penalti za kumpata bingwa haumo ndani ya hayo manane. Vivyo hivyo robo fainali yetu ya CHAN na Madagascar: vitabu vinasema 1-1, ingawa roho zetu zinakumbuka 4-3.

Neno moja kwa wanaobeti, maana najua ndio wanaozisoma namba hizi kwa makini kuliko makocha. Programu ya simu ikikuonyesha kwamba timu ina asilimia 70 ya kushinda, imekuambia pia kwamba katika mechi kumi za namna hiyo itakosa kushinda tatu. Ukiweka mechi tano za asilimia 70 kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubeti, uwezekano wa zote kutiki ni 0.7 mara yenyewe mara tano, ambayo ni kama asilimia 17. Mechi kumi, chini ya asilimia 3. Kijana analalamika kwamba "timu moja tu ndiyo imenichomea", kila wikendi timu moja tu, kumbe hesabu ilishamwambia tangu Ijumaa.

Rangi nyekundu si sifa

Ramani ya joto ni ule uwanja wenye mabaka. Mahali mchezaji alipogusa mpira mara nyingi panakuwa pekundu, alipogusa mara chache panafifia. Watu huisoma kana kwamba wekundu ni juhudi. Lakini nyingi ya ramani hizi huhesabu miguso ya mpira tu. Fowadi anayekimbia dakika 90 akiwavuta mabeki ili mwenzake apate nafasi hatapata baka lolote, na kipa anayepiga golikiki ishirini atakuwa mwekundu kuliko wote.

Mbaya zaidi ni ile picha ya wastani wa nafasi, yenye duara moja kwa kila mchezaji. Winga akicheza kipindi cha kwanza kulia na cha pili kushoto, wastani wake utaangukia katikati ya uwanja, mahali ambapo huenda hakukanyaga hata mara moja. Mchambuzi runingani atasema winga aliingia sana ndani. Hakuingia popote, ni hesabu ndiyo iliyomwingiza.

Hila za mchoraji

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa ukiziona mara moja hutazisahau. Chora nguzo mbili za umiliki, 54 na 46, ukianzia sifuri. Zinakaribiana, tofauti unaitafuta kwa jicho. Sasa zichore upya ukianzia 40 badala ya sifuri. Moja ina urefu wa 14, nyingine 6, na timu ya kwanza inaonekana kuwa na zaidi ya mara mbili ya mpira. Hakuna namba iliyobadilishwa. Kwa hiyo kwenye mchoro wa nguzo angalia chini kabla ya kuangalia juu.

Hila ya pili ni ya vipicha. Timu moja ina mabao 10, nyingine 20, na mchoraji anaonyesha kwa picha ya mpira, wa pili ukiwa na kipenyo mara mbili ya wa kwanza. Lakini umbo likipanuka mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, eneo lake linakuwa mara nne, na jicho husoma eneo. Sidhani kila anayefanya hivi anataka kudanganya. Wengi wanatafuta tu picha ya kupendeza ya kutuma.

Rekodi zinazovunjika zenyewe

Utasikia kwamba Kombe la Dunia la 2022 lilikuwa na mabao mengi kuliko yote yaliyotangulia: 172. Ni kweli, lilizipita fainali za 1998 na 2014 zilizokuwa na 171 kila moja, zote zikiwa na mechi 64. Lakini mwaka 1954 kule Uswisi yalifungwa mabao 140 katika mechi 26 tu. Gawanya: 2022 ni mabao 2.69 kwa mechi, 1954 ni 5.38. Ukitaka kujua ni mashindano gani mtazamaji aliona mabao zaidi kila alipokaa kutazama, jibu ni 1954, na haliko karibu.

Mahudhurio ni vivyo hivyo. Fainali za Marekani za 1994 ziliingiza watu 3,587,538, rekodi iliyodumu kupita Qatar yenye 3,404,252. Tofauti hapo inaonekana ndogo. Lakini 1994 ilikuwa na mechi 52 na Qatar 64, kwa hiyo wastani ni 68,991 dhidi ya 53,191. Mechi moja ya Marekani ilikuwa na watu karibu 16,000 zaidi.

Sasa fikiria fainali za 2026, za kwanza zenye timu 48. Mechi ni 104, mara mbili kamili ya zile 52 za 1994. Kuipita jumla ya watu wa 1994 kunahitaji wastani wa watu 34,496 tu, nusu ya ule wa zamani. Kuyapita mabao 172 kunahitaji bao 1.66 kwa mechi, wakati hata Italia 1990, fainali zilizolaumiwa kwa ukame wa mabao kuliko zote, zilikuwa na 2.21. Kwa hiyo ukiona mchoro wenye mshale mrefu wa kupanda na maneno "rekodi mpya ya mabao", kilichopanda ni idadi ya mechi. Uliza wastani.

Mashabiki wanahesabiwaje?

Kuhesabu mabao ni rahisi, kuhesabu watu ni taabu. Hata ndani ya uwanja, namba inayotangazwa si lazima iwe ya makalio yaliyokaa. Inaweza kuwa tiketi zilizouzwa, zilizogawiwa, au zilizopita kwenye mashine ya mlangoni. Mechi ya ufunguzi ya Qatar na Ecuador ilitangaziwa watu 67,372 katika uwanja wa Al Bayt, ambao hadi wakati huo ulikuwa ukitajwa kuwa na uwezo wa 60,000. Uwezo ukaandikwa upya baadaye. Na kabla kipenga cha mwisho hakijalia, sehemu kubwa ya viti ilikuwa tayari wazi, maana wenyeji walikuwa wanafungwa 2-0.

Upande wa pili, viti vitupu si lazima viwe baridi ya mashabiki. Wakati wa CHAN, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliweka kikomo cha watu 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia baada ya watu kuvunja utaratibu wa usalama Kasarani katika mechi ya Morocco. Anayechora mstari wa mahudhurio ya Harambee Stars bila kuweka alama pale kikomo kilipoanza ataonyesha kwamba Wakenya waliichoka timu yao wiki ileile ilipokuwa inashinda. Waliokuwa wakisaka tiketi kwenye simu zao bila mafanikio wanajua ukweli.

Kwenye runinga mambo ni magumu zaidi. FIFA ilisema watu bilioni 1.12 waliitazama fainali ya 2018 kati ya Ufaransa na Croatia. Ripoti hiyohiyo ina namba nyingine: wastani wa watazamaji wa moja kwa moja ulikuwa milioni 517. Ile kubwa ni ya waliofikiwa, humo yumo aliyefungulia kidogo akabadilisha stesheni. Ile ndogo ni ya waliokuwa wakitazama katika dakika yoyote ya kawaida ya mchezo. Vichwa vya habari huchukua kubwa, ni kawaida. Kwa fainali ya 2022 namba iliyotangazwa ilikaribia bilioni 1.5, na kwa mashindano mazima FIFA ilizungumzia watu takriban bilioni 5 "walioshiriki" kwa njia moja au nyingine. Kushiriki ni neno pana, hata kipande kifupi cha video kwenye simu kimo.

Namba hizi hupatikanaje? Hakuna anayehesabu kila nyumba. Huchukuliwa sampuli ya watu au kaya, wakaulizwa au wakapimwa, kisha jibu likazidishwa kwa idadi ya watu wa nchi. Na hapo ndipo mtaa kama Manyatta wa Kisumu unapoleta kizaazaa. Ingia kwenye banda la mpira usiku wa mechi kubwa: runinga moja ukutani, king'amuzi kimoja, jenereta nje kwa tahadhari, mabenchi yamejaa hadi mlangoni, wengine wamesimama dirishani wasilipe. Kwa hesabu ya vyombo, hicho ni kifaa kimoja. Kwa hesabu ya macho ni watu sitini au themanini. Wanaotazama nje ya nyumbani hukadiriwa tu: katika ripoti ya 2018, kati ya watu bilioni 3.572 waliosemekana kutazama mashindano, milioni 309.7 waliongezwa kama makadirio ya waliotazama mtandaoni, kwenye maeneo ya umma, baa na mikahawa. Kwa bara ambalo soka hutazamwa kwa pamoja, nina shaka kama makadirio hayo yanatutosha. Wengi hudai namba za FIFA zimetiwa chumvi, na penginepo zimetiwa, lakini upande wetu huenda chumvi imepungua.

Tiketi za 2026 zilileta mkanganyiko wa aina yake. Januari mwaka huo FIFA ilitangaza kwamba maombi ya tiketi yamevuka milioni 500, na haikuchukua muda watu wakaanza kusambaza kwamba watu milioni 500 wanataka kwenda. Ombi si mtu. Mtu mmoja aliruhusiwa kuomba mechi kadhaa, na zaidi ya tiketi moja kwa kila mechi.

Ile ramani ya kaunti

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo iliyojaa mitego mingi kwa wakati mmoja. Ramani hizi mara nyingi hutokana na Google Trends, yaani mambo yanayotafutwa mtandaoni. Kipimo chake huanzia 0 hadi 100, na 100 haina maana ya watu mia wala asilimia mia. Ni mahali ambapo jina la timu lilichukua sehemu kubwa zaidi ya utafutaji wote wa pale, kisha maeneo mengine yakalinganishwa nalo. Kaunti ndogo inaweza kupata 100 na Nairobi ikapata 40, ilhali waliotafuta Nairobi ni mara nyingi zaidi kwa idadi. Na anayetafuta timu huenda anaitafuta ili aicheke.

Halafu kuna jicho. Marsabit ni pana kiasi kwamba Kakamega inaingia ndani yake zaidi ya mara ishirini. Kwa sensa ya 2019, Marsabit ilikuwa na watu 459,785, Kakamega 1,867,579, Kisumu 1,155,574. Hata Vihiga, ambayo kwenye skrini ya simu ni nukta unayoifunika kwa kidole, ilikuwa na 590,013. Timu ikipata rangi yake Marsabit, Turkana na Wajir, ramani nzima inaonekana ya kwao, wakati timu iliyochukua Nairobi, Nakuru, Kakamega na Kisumu ndiyo yenye watu.

Dawa ipo na si ngumu. Badala ya kupaka kaunti rangi, weka duara juu ya kila kaunti, eneo la duara lilingane na idadi ya watu, na rangi ya duara igawanywe kulingana na sehemu ya kila timu, kwa sababu hakuna kaunti iliyo ya timu moja kwa ukamilifu. Ichore hivyo na utaona ukanda wa kuanzia Busia hadi Nakuru ukivimba, miduara ikigusana na kubanana, huku kaskazini kukibaki na nafasi nyeupe. Haipendezi kama ile ya rangi tupu, na sijawahi kuiona ikisambazwa kwenye grupu lolote.